Kisanduku Kilichonipa Ishirini na Moja

Kengele mnayoipiga asubuhi kabla ya kuingia karakana, ile iliyoning'inia kwenye kipande cha reli karibu na bomba la maji, imeandikwa ubavuni neno moja la Kifaransa: PLEIN. Mmoja wenu aliniuliza juzi kwa nini kengele iandikwe kwamba imejaa, wakati kila mtu anajua kengele ikijaa hailii. Nilimjibu kwamba nina haraka, jibu la ajabu kwa mtu ambaye hana pa kwenda tangu alipostaafu. Kweli yenyewe ni kwamba jibu ni refu, na mjinga wa hadithi ni mimi. Mambo ya namna hiyo mtu huyaandika vizuri zaidi akiwa nyumbani, chai ikiwa karibu.

Nikiri kwanza mawili. Sijui kuogelea, na sipendi kutoka kwangu. Kutoka mtaani kwetu Kikula hadi kazini Shituru ilikuwa safari ya kunitosha, na njiani nilikuwa nikihesabu mambo ambayo yangeweza kunirudisha nyumbani mapema. Mke wangu Selestina huwaambia wageni kwamba aliolewa na mimi pamoja na kiti changu, na kwamba kiti ndicho kinachojongea kidogo zaidi. Sasa jiulizeni mtu kama huyo alifikaje kwenye mambo ya wazamiaji.

Kazi yangu ilikuwa vyombo vya kupimia. Manometa, vipimajoto, mizani, kila kitu chenye mshale. Mshale ukidanganya, waliniletea. Niliingia karakana ya vyombo nikiwa na miaka minne ya sekondari ya ufundi. Wa tano na wa sita niliwaachia wenye vichwa. Aliyenipokea alikuwa Mzee Bonifasi, mtu mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni, na sijawahi kumwona akimwazima mtu hata moja.

Somo la kwanza alilonipa lilikuwa kofi. Nilikuwa nafunga manometa ya oksijeni ya wachomeleaji, uzi wa skrubu ukawa mgumu, nikaupaka mafuta kidogo nikijiona mwenye akili. Alinipiga mkononi, akachukua kitambaa, akaufuta uzi ule robo saa nzima. Ndipo akaniambia kwamba mafuta na oksijeni yenye msukumo ni watu wawili wanaotafutana, na siku wakikutana hawahitaji kiberiti. Andikeni hilo kabla ya mengine yote: kwenye kitu cha oksijeni hakuna mafuta, hata ya mkono uliokula samaki. Tangu siku ile nanawa mikono kabla ya kazi vizuri kuliko kabla ya kula, jambo ambalo Selestina amelilalamikia kwa miaka.

Somo la pili lilihusu kisanduku.

Kule kwenye mto Lufira, upande wa Koni, maji yanapoingia kwenye mabomba ya kwenda kwenye mashine za umeme, yanapita kwanza kwenye vyuma vilivyopangwa kama kichungi. Majani, magogo na matete vinakwama hapo. Vikizidi, maji hayapiti na umeme unalegea. Ninyi mnaona taa inakuwa nyekundu kama jicho la mlevi. Kuna vinavyotolewa kwa kulabu kutoka juu, na kuna vinavyotaka mtu azame. Wazamiaji walikuwa wachache, na mitungi yao ya hewa ililetwa kwetu karakana kujazwa na kupimwa. Miaka kumi na moja nilihudumia maji ambayo sikuwahi kuyaona, na sikuona kosa lolote katika mpango huo.

Kisanduku kililetwa na mzamiaji mmoja mgeni. Kilikuwa na ukubwa wa redio ndogo, na ndani yake kulikuwa na kitu kama kifuniko cha chupa kinachonusa oksijeni na kusogeza mshale. Hewa ya kawaida inafika ishirini na moja katika kila mia. Mtauliza kwa nini upime hewa ya mtungi wakati umejazwa hewa hii hii tunayovuta. Kwa sababu mtungi ni wa chuma, vijana. Ukijazwa hewa yenye unyevu na kuachwa miezi, unashika kutu ndani, na kutu inakula oksijeni. Inavuta pumzi kama ninyi, ila hairudishi kitu. Mtungi unabaki umejaa, mzito, unapiga mlio mzuri, lakini hewa iliyomo haifai. Tena ina hila. Mzamiaji akiwa chini, maji yanaibana ile hewa na hasikii chochote. Ni wakati wa kupanda juu ndipo anazimika, akiwa amebakiza urefu wa mtu mmoja, wenzake wakiwa tayari wanamwona.

Kwa hiyo Mzee Bonifasi alikuwa na sheria. Kabla ya kugusa mtungi wowote, weka mshale kwenye ishirini na moja ukiwa nje, chini ya mbingu. Kisha pulizia kisanduku pumzi yako. Mshale lazima ushuke, ufike kumi na saba au karibu na hapo, maana wewe umeshatumia sehemu yako. Kisanduku kisichoweza kutofautisha mbingu na pumzi ya fundi, alisema, kiweke kabatini pamoja na picha za harusi. Tulipanga mstari asubuhi tukipuliza, na wenzangu walidai kwamba kisanduku kinajua pia nani alikunywa pombe ya lutuku jana.

Halafu miaka ile ikaja. Wazazi wenu wamewasimulia piyaje, watu walivyoingia maghala na karakana na kubeba hata vitasa. Kwetu walichukua manometa zote za wazamiaji. Kisanduku walikiacha, nadhani kwa sababu hakikuimba walipokizungusha kitufe. Mgeni aliyekileta alikuwa ameshaondoka. Na baadaye ukafika wakati ambapo jirani alianza kuulizwa babu yake alizaliwa mkoa gani, na Mzee Bonifasi, ambaye babu yake alizaliwa mkoa usiotakiwa, akakaa stesheni na watoto wake na sufuria zake wakingoja treni ya kuwafukuza. Nilimpelekea mkate. Alinipa kalamu moja kati ya zile tatu. Sikujua niiweke wapi mkononi.

Karakana ikabaki na mimi.

Na wazamiaji akabaki mmoja: Mwansa, mdogo wake Selestina, shemeji yangu, mtu wa kifua kipana na mdomo usiofungwa, aliyenidharau kwa upendo kwa sababu sikuweza kuvuka dimbwi bila kukunja suruali. Bila manometa, hakujua mtungi una hewa kiasi gani. Aliugonga kwa kijiko na kusikiliza, kama mama anayechagua nazi. Kazi hiyo haikubali kijiko. Siku moja hewa ilimwishia akiwa ameshika gogo chini, akapanda bila kitu kifuani. Alikuja kwetu jioni kutusimulia, akicheka, akisema samaki walimpigia makofi. Chai ilikuwa inamwagika kwenye goti lake, na hakuiona.

Selestina hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

— Baba Yoha, weye njo muntu ya kupima, akasema. Basi mupimie.

Ndivyo kazi ile ilivyoanza. Hakuna mkubwa aliyeiagiza.

Wazo langu lilikuwa hili. Kisanduku tayari kilikuwa na kichwa cha shaba kinachobana kwenye mdomo wa mtungi ili kuchukua hewa kidogo ya kunusa. Mbona kichwa hicho hicho kisichukue na manometa? Unafunga mara moja, unafungua mara moja, unapata majibu mawili: hewa ni nzuri kiasi gani, na ipo kiasi gani. Hewa ilikuwa haba na kila kufungua kulipoteza nyingine, kwa hiyo kufunga mara moja lilikuwa jambo kubwa.

Manometa nilipata ya wachomeleaji, inayofika msukumo wa bari mia mbili na hamsini. Niliiosha kwa maji ya moto na sabuni ya Selestina mpaka sabuni ikaisha na vita vidogo vikaanza. Nilitoboa kichwa cha shaba, nikatengeneza njia mbili. Moja inakwenda moja kwa moja kwenye manometa, maana yeye ana nguvu za kupokea msukumo wote. Nyingine inakwenda kwenye kisanduku, ambacho kingepasuka kama yai kikipewa hivyo hivyo. Kwa hiyo njiani niliweka sindano ya zahanati, iliyochemshwa, nikaichomelea kwa bati, ili hewa ipite chembe chembe. Viungo nilivikagua kwa povu na mswaki: palipo na tundu, povu linavimba shavu. Hadi hapo hakuna aibu. Hata leo ningefanya vile vile.

Aibu inaanza kwenye tundu la kutokea.

Hewa ikishanuswa lazima itoke nje. Mwanzoni niliiachia tundu pana, na mshale ukawa unatetemeka, unapanda unashuka. Mimi ni mtu wa utulivu, sikupenda. Nikachukua mrija wa kalamu, ule wa ndani unaobeba wino, nikauosha na kuufanya ndio njia ya kutokea. Mshale ukatulia kama mtoto aliyeshiba. Nikautazama muda mrefu kwa mapenzi. Na kalamu yenyewe, mkitaka kujua, ilikuwa ile niliyopewa stesheni. Nilifikiri ni heshima.

Jumamosi Mwansa alileta mitungi. Kompresa yetu ilikuwa inakufa. Iliweza kujaza mitatu tu, tena bari sitini kila mmoja, yaani robo ya shibe. Nilipofunga kichwa kipya kwenye wa kwanza, manometa ikasema sitini, safi kabisa, na kisanduku kikasema ishirini na nne.

Sasa sikilizeni vizuri. Hewa hiyo ilikuwa imetoka dirishani dakika kumi zilizopita. Haiwezi kuwa ishirini na nne. Mzee Bonifasi angezima kila kitu na kukaa chini. Mimi nilishika kitufe, nikaurudisha mshale kwenye ishirini na moja, kama mwalimu anayesahihisha mtihani wa mtoto wa ndugu yake. Na pumzi yangu sikupuliza. Mwansa alikuwa ananitazama, dereva wa gari la kazi alikuwa anapiga honi, na kuweka mdomo kwenye chombo kipya kama hicho niliona ni kukivunjia heshima.

Mitungi yote mitatu ikawa mizuri. Ndipo Mwansa akaingiza wa nne. Aliupata nyuma ya ghala, chini ya magunia, mahali ambapo wenye piyaje hawakufika. Ubavuni, kwa rangi nyeupe na mwandiko nilioujua, palikuwa pameandikwa PLEIN. Mzee Bonifasi aliujaza mwenyewe kabla ya mambo kuharibika.

Manometa ikapanda hadi mia na sabini. Tukausogelea wote. Sijui kama mtaelewa. Wakati ule, kitu chochote cha kabla ya piyaje kilikuwa kizuri kuliko cha sasa. Shati la kabla, msumari wa kabla, hata biskuti ya kabla mtu aliificha kama hati ya nyumba. Na hapa kuna mtungi mzima wa hewa ya kabla, ya mkono wa Mzee. Tulitaka uwe mzuri. Kisanduku kikasema ishirini na moja, bila kutetemeka.

— Hii njo hewa ya kweli, Mwansa akasema, akiupapasa. Haiko kama hii ya leo ya kuombaomba. Hii naitunzia kichungi ya chini, siku ya Kwanza asubuhi.

Siku ya Kwanza ndiyo Jumatatu, kwa mliosahau. Nikachukua chaki, nikaandika 21 chini ya PLEIN, mwandiko wangu chini ya mwandiko wake, nikajisikia mrithi. Gari likaondoka na mitungi na Mwansa.

Kisanduku nilikwenda nacho nyumbani, kwa sababu karakana ilikuwa na milango lakini vitasa, nimeshasema.

Jumapili, baada ya misa na mlo wa bukari, Selestina akataka kuona kitu kilichomlia sabuni. Nikakiweka mezani kama kuhani. Nikamwambia aangalie, hewa ya humu ni ishirini na moja. Mshale ukasimama kwenye kumi na nane.

Selestina akatazama mshale, akatazama chumba.

— Na njo maana unalalaka sana, akasema.

Nikakitoa uani. Kumi na nane. Nikakipeleka hadi njiani, mbele ya majirani waliokuwa wanasuka nywele. Kumi na nane. Nikakumbuka kitufe. Nilikuwa nimekizungusha Jumamosi ili mtungi upate ishirini na moja, na sasa mbingu nzima ya Kikula ilikuwa imepunguziwa tatu. Basi kati ya mbingu na mtungi, mmoja alikuwa mwongo, na nilijua hata kabla ya kukaa kwamba si mbingu.

Nikaurudisha mshale palipostahili. Kisha, nikiwa nimechelewa kwa siku nzima, nikafanya alichonifundisha Mzee: nikapuliza. Polepole, mshale ukashuka mpaka kumi na saba. Vizuri. Selestina akaniambia nipulize kama mwanamume. Nikapuliza kwa nguvu, mashavu yakiwa yamevimba, na mshale, badala ya kukaa, ukapanda. Kumi na nane. Kumi na tisa.

Pumzi ile ile, majibu mawili.

Kisanduku hakihesabu oksijeni kama karani anavyohesabu watu. Kinasikia jinsi inavyokigonga. Ukiibana hewa mbele yake, inagonga zaidi, na kinafikiri imekuwa nyingi. Mrija wangu mwembamba uliizuia hewa isitoke, ikajibana mle ndani; ndiyo maana mshale ulitulia. Mtungi wa bari sitini uliibana kidogo, ukanipa ishirini na nne. Na mtungi wa bari mia na sabini? Huo uliibana mara nyingi zaidi. Kama ungekuwa na hewa nzuri ungenipa thelathini, arobaini. Ulinipa ishirini na moja tu. Maana yake hewa yake ilikuwa mbovu, tena mbovu sana, na mimi nimeiandikia cheti kwa chaki.

Nikamweleza Selestina kwa maneno machache kuliko haya. Alikaa. Kisha akainuka, akaniletea viatu.

Mtasema ningepiga simu. Nyaya za simu kati ya karakana na bwawa zilikuwa za shaba, na wakati ule shaba yenye mguu ilikuwa inatembea. Zilikuwa zimekwenda zamani, begani mwa wezi. Gari la kazi halikuwa na mafuta hadi katikati ya wiki. Nilikwenda kule wanakouzia mkaa nikapata lori linalorudi tupu porini kuchukua mzigo. Dereva alinitazama, na viatu vyangu vya misa, na kisanduku kifuani nimekikumbatia kama mtoto mgonjwa, akauliza nani anaugua. Nikasema shemeji. Haukuwa uongo, ilikuwa tu mapema.

Safari ile sitawasimulia yote. Tulitoboa gurudumu mara mbili, tukalala njiani, na niligundua kwamba nina mifupa mahali ambapo sikujua. Alfajiri lori likaniacha kwenye njia panda, nikamalizia kwa miguu, nyayo zikilalamika. Nilitembea nikihesabu dakika. Nilijua anaanza kazi jua likifika kwenye maji, kwa sababu kabla ya hapo haoni vidole vyake.

Niliyasikia maji kabla ya kuyaona. Nilipoyaona yalikuwa makubwa, ya rangi ya chai ya maziwa, na hayakunijali. Kando ya ukuta wa saruji alikuwepo Mwansa, amekaa, miguu imeshaingia majini, mkanda wa uzito wa risasi, wa kumshusha chini, kiunoni, na mtungi ulioandikwa PLEIN umeshafungwa mgongoni. Mdomo wa mpira wa kuvutia hewa ulikuwa kidevuni.

Aliniona. Akauondoa ule mpira.

— Shemeji. Weye huku? Nani alikufa?

— Bado, nikasema.

Nilimwomba avue mtungi. Alicheka kwanza, akauliza kama nimekuja kupima na samaki. Halafu nadhani aliona viatu vyangu, maana aliacha kucheka na kufungua mikanda. Nikaweka mshale kwenye ishirini na moja, chini ya mbingu. Nikapuliza pumzi, mbele yake, polepole na kwa nguvu, ili aone uongo wenyewe ulivyo. Kisha nikang'oa mrija wa kalamu, nikaacha tundu pana, nikapuliza tena: kumi na saba, polepole au kwa nguvu, kumi na saba. Ndipo nikafunga kichwa cha shaba, nikafungua mtungi kidogo.

Mshale ulitetemeka, kama unavyotakiwa. Kumi na nane, kumi na tano, kumi na tatu. Ukafika kumi na moja, ukawa unacheza hapo hapo.

Mwansa alijua maana yake. Kwenye mambo hayo alikuwa na shule kuliko mimi. Kisha akalowesha kiganja majini na kuifuta ile chaki yangu, taratibu, mpaka ikaisha.

— Uliandika na mukono yako, akasema.

— Niliandika.

— Na dada yangu iko nakupikia.

— Ananipikia.

Sijawahi kuadhibiwa vizuri zaidi ya vile.

Tuliulaza mtungi kwenye majani na kuufungua wote. Ulipiga kelele kama nyoka mkubwa, kisha kama nyoka mdogo, na ulichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Tulikaa pande zote mbili tukiusikiliza. Ilikuwa hewa ya mwisho iliyojazwa na Mzee Bonifasi, na hakuna aliyeweza kuivuta. Wakati fulani Mwansa alisema kwamba Mzee hakukosea kitu, aliandika umejaa, na kweli ulikuwa umejaa. Nikasema ndiyo. Mzee alijua kwamba atakayeukuta atapuliza pumzi kwanza.

Vichungi vilikuwa bado vinangoja. Mwansa alichukua mtungi wa bari sitini, na safari hii tulipima kama watu: bari sitini, hewa nzuri, maana yake dakika kumi na tano za kazi, tukazifanya kumi na mbili. Akanipa saa yake na nyundo. Kila dakika nne nilipaswa kugonga chuma mara moja, na kwenye ya kumi na mbili nigonge mpaka apande. Aliposhuka niliona mapovu tu. Mimi, mtu wa kiti, nikapiga magoti kwenye saruji yenye utelezi, maji yakinilowesha mikono ya shati la misa, macho kwenye saa. Dakika kumi na mbili ni ndefu sana. Niligonga ya mwisho kwa nguvu kiasi kwamba walinzi walikuja kuuliza.

Kichwa chake kikatokea, na majani begani kama mganga.

— Shemeji, nilisikia, akasema. Hata wafu walisikia.

Mrija wa kalamu niliutia mfukoni. Nyumbani niliurudisha ndani ya kalamu ya Mzee, ambayo bila shaka haiandiki tena. Na kichwa cha shaba kilifanya kazi miaka mingi, kwa tundu pana na mshale wake wa kutetemeka, nacho kiko kabatini kwenye karakana yenu, rafu ya pili. Kitumieni. Kipulizieni kwanza, mara mbili. Na mkisikia sisi wazee tukisema kwamba zamani hewa yenyewe ilikuwa nzuri zaidi, mtuletee kisanduku.

Mtungi Mwansa aliukata kitako kwa msumeno. Ndani ulikuwa mwekundu kote, ukungu wa kutu unaotoka kwa kidole. Tuliukwangua, tukautundika kwenye reli, na kumbe ulikuwa na sauti. Rangi ya kengele imepakwa upya mara tatu tangu wakati huo, na kila mara nimetoka nyumbani, kwa miguu yangu, kuja kusimama karibu na fundi wa rangi na kuhakikisha brashi yake hailigusi lile neno.